Bibi Salme wa Unguja na Mzigo Usiosemwa



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa kale tumezoea kusoma habari za maaskofu, wamisionari na wainjilisti. Safari hii tunawaletea habari za binti wa mfalme wa Zanzibar, ambaye jina lake lajulikana sana pwani lakini huku bara husikika kwa nadra. Tumemchagua kwa kuwa aliyapata mambo ambayo wengi wetu twayapata na kuyanyamazia: msiba juu ya msiba, ugeni, upweke, na uchovu wa roho. Na sababu ya pili tutaieleza mwishoni, maana yatuhusu sisi wenyewe hapa Nkuhungu.

KULELEWA MTONI

Salme binti Saidi alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuistawisha mikarafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi za mbali kando ya Bahari Nyeusi. Wazazi wake waliuawa vitani angali mtoto, naye akachukuliwa mateka mpaka akafika Zanzibar na kuwa suria wa Sultani.

Jumba la Mtoni lilikuwa na watu wapatao 1,000: wake, masuria, watoto, watumishi na watumwa. Lugha nyingi zilisikika humo, Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kihabeshi na nyinginezo. Mtoto hakuweza kulia bila mtu kumsikia, wala mgonjwa kulala bila kuzungukwa. Tulishike jambo hili, kwa maana litatusaidia kuelewa yaliyompata baadaye.

Siku zile binti za wakubwa walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa shule wa wakati ule. Ujuzi huo ulimtia matatani ujanani, na tena ukamsaidia sana uzeeni.

MISIBA YA KWANZA

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki dunia ndani ya meli akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na umri wa miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kipindupindu kiliingia Unguja, na mama yake akafa kwa ugonjwa huo. Basi katika umri wa miaka 15 alikuwa yatima wa pande zote mbili.

Mwaka huohuo ndugu zake waligombania ufalme. Majid ndiye aliyekuwa Sultani, na Barghash akataka kumwondoa. Salme alivutwa upande wa Barghash na dada yake aliyempenda sana, Khole, na kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa katibu wa njama ile. Waingereza waliingia kati kwa silaha, Barghash akashindwa na kupelekwa Bombay. Nyumba ya Seyyid Said ikagawanyika, ndugu wakawa hawasemezani. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kufanya hivyo akawaudhi wale wa upande wa pili. Ndugu zake walikuwa wengi sana, naye akabaki karibu peke yake.

KUONDOKA UNGUJA

Katika siku hizo alimfahamu jirani yake mjini, kijana Mjerumani wa Hamburg aliyeitwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara. Walipendana, Salme akawa mja mzito. Kwa desturi na dini ya kwao jambo hili lilimtia katika hatari kubwa. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akashushwa Aden. Huko, mwezi wa Desemba, alijifungua mtoto wa kiume.

Alikaa Aden miezi mingi akimngoja Ruete amalize shughuli zake za Unguja. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Kianglikana la mji ule, akapewa jina la Emily, na siku iyo hiyo akafunga ndoa. Wakaanza safari ya kwenda Ujerumani mara moja. Kabla hawajafika, mtoto wao akafariki njiani, katika nchi ya Ufaransa. Hivyo Bibi Salme aliingia katika nchi ya mumewe akiwa bibi arusi na mama aliyefiwa kwa wakati mmoja.

HAMBURG

Yeyote kati yetu aliyepata kukaa ugenini anaweza kukisia hali yake. Hakujua Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili. Baridi ilikuwa kali, milango ya nyumba ilikuwa imefungwa, na yeye aliyezoea kelele za jumba la watu 1,000 alikaa katika vyumba vya kimya. Alipotoka nje watu walimtazama kama kitu cha ajabu. Chakula, mavazi, namna ya kusalimiana, vyote vilikuwa vipya kwake.

Hata hivyo Mungu aliwajalia watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwezi wa Aprili 1870. Bibi Salme mwenyewe aliihesabu miaka ile mitatu kuwa ya furaha, kwa sababu ya mumewe.

Mwanzoni mwa Agosti 1870 Ruete aliteleza akishuka katika tramu, yaani gari la reli la mjini lililokokotwa na farasi, likamkanyaga. Tarehe 6 Agosti akafa. Bibi Salme alibaki na watoto watatu, mdogo akiwa na umri wa miezi mitatu na kitu. Akafikiri kurudi kwao Unguja. Lakini baada ya miezi miwili tu ikaja habari ya kwamba Sultani Majid, ndugu yake aliyekuwa amemhurumia, naye amefariki. Aliyerithi kiti alikuwa Barghash, ambaye hakumsamehe kwa kuiacha nchi na dini ya kwao.

Kwa miaka miwili tena alikaa Hamburg, na taabu hazikumwacha. Sehemu kubwa ya mali yake ilipotea kwa makosa ya watu wengine waliokuwa wakiisimamia. Mji ule aliokuwa amefurahi ndani yake akawa hawezi tena kuupenda. Akahamia Dresden, baadaye Rudolstadt, kisha Berlin. Binti wa Sultani akaanza kutafuta riziki kwa kufundisha watu Kiarabu.

Mwaka 1875 alisikia kwamba Barghash atazuru London. Akafunga safari kwenda Uingereza ili amwombe radhi uso kwa uso. Wakubwa wa serikali ya Kiingereza hawakupenda mkutano huo, wakamshawishi auache, wakimpa ahadi juu ya watoto wake. Aliacha, na ahadi haikutimizwa. Alirudi Ujerumani bila ndugu na bila msaada.

KALAMU

Tumefika sasa mahali palipotufanya tuyaandike haya yote. Bibi Salme alichoka mwili na roho. Hayo aliyasema mwenyewe katika maneno ya utangulizi ya kitabu chake. Alidhani hataishi mpaka watoto wake wakue, na watoto wale hawakujua habari za mama yao ila kwamba alikuwa Mwarabu kutoka Zanzibar. Basi, miaka kama tisa kabla ya kitabu kutoka, akaanza kuwaandikia. Yule msichana wa mfupa wa ngamia alishika kalamu tena, na habari za Mtoni, za mama yake, za vyakula, sikukuu, magonjwa na vifo akazieleza moja moja. Kitabu kilitolewa Berlin mwaka 1886, na kimesomwa katika lugha nyingi hata leo.

Lakini kuna maandiko mengine ambayo hakuyachapisha. Aliyaandika kwa namna ya barua kwa rafiki wa kike aliyeko Unguja. Humo ndimo alimoeleza miaka ya Ujerumani: baridi, kutazamwa na watu, kifo cha mumewe, wasiwasi wake wa dini, na usiku mrefu wa mjane ugenini. Barua hizo zilitolewa kwa wasomaji mwaka 1993, miaka 69 baada ya kufa kwake. Mambo mazito kuliko yote ya maisha yake aliyaandika kana kwamba anaongea na shoga yake barazani, kwa sababu baraza hiyo na shoga huyo hakuwa nao karibu.

Hatusemi kwamba Bibi Salme alitaka kujiua. Sisi si waganga wake. Twasema tu kwamba alibeba huzuni nzito kwa muda mrefu, na kwamba kusimulia kulimpa nguvu. Hakuacha kula msiba wake, lakini aliutafutia njia ya kutoka.

KURUDI, NA MWISHO WAKE

Mwaka 1885 alifika Unguja tena, pamoja na merikebu za kivita za Wajerumani. Serikali ya Bismarck ilimpeleka kwa faida yake yenyewe, ikitaka kumshurutisha Barghash kuhusu nchi za bara, Usagara na jirani zake, mlangoni mwa Ugogo wetu. Barghash alipokubali madai ya Wajerumani, shauri la Bibi Salme likawekwa kando. Ndugu yake hakumpokea. Lakini watu wa mjini walimsalimu njiani na kumuuliza hali, ingawa Sultani alichukizwa. Ilikuwa imepita miaka 19 tangu mitaa ile imuulize hali.

Alijaribu mara ya pili mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, asifanikiwe. Toka hapo hakutaka kukaa Ujerumani, akaishi Yafa na Beirut karibu na watu wasemao Kiarabu, mpaka mwaka 1914. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa Hamburg pamoja na jamaa za mumewe. Katika vitu vyake palionekana mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameutunza miaka yote. Wakamzika nao. Watoto wake watatu wote walikuwa hai, watu wazima. Yule aliyedhani hataishi awaone wakikua aliishi akawaona wazee.

YATUHUSUJE SISI?

Twaweza kuuliza, mambo ya binti Sultani na Nkuhungu yana uhusiano gani? Tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na zaidi tangu mwaka 2016, mtaa wetu umejaa watu waliotoka mikoa yote. Wako waliopanga chumba kimoja, mama yao yuko Kigoma au Mtwara, na jirani hawamjui jina. Wako wajane, waliokosa kazi, wenye madeni, wasichana walioachwa na mimba, wazee ambao watoto wao hawapigi simu. Jumapili twaketi nao benchi moja.

Tena sisi ni watu wa salamu. Wagogo wana mbukwa yao, na Waswahili wana hujambo. Lakini tukitazama vizuri, hujambo ni swali la kweli: je, huna jambo? Na jibu tumelikariri tangu utoto: sijambo, sina jambo. Mtu aliyekesha usiku kucha akifikiri kuikatisha roho yake asubuhi hujibu sijambo, nasi hupita. Desturi ni njema, ila haitoshi.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani. Huzuni nzito isiyoondoka, ambayo waganga wa hospitali huiita sonona, ni moja ya sababu kubwa. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, nayo ina matibabu. Haionyeshi kwamba mtu hana imani. Nabii Eliya, baada ya ushindi wake mkuu, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Tusome 1 Wafalme 19 tuone Mungu alivyomtendea: hakumkemea kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo akasema naye. Na rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye chini kimya. Walianza kukosea walipoanza kumtafutia dhambi.

Kanisa nalo zamani halikusaidia mtu kusema. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kilielekeza kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa aliyejiua. Jamaa waliofiwa hivyo walificha sababu ya kifo, wakalia mara mbili: kwa msiba na kwa aibu. Aibu hiyo ingali kati yetu, na ndiyo inayofunga vinywa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuulize swali la pili. Mtu akijibu sijambo, na tumemwona amekonda, halali, amejitenga, ameacha kwaya au jumuiya, anagawa vitu vyake, au anasema kwamba yeye ni mzigo na afadhali asingekuwako, tuketi naye tumuulize tena kwa upole. Tusiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiri kujiua. Wengi hudhani swali hilo litamtia wazo kichwani. Wataalamu wanatuambia sivyo. Kuulizwa humpunguzia mtu mzigo, kwa maana ameona kwamba jambo lake lasemeka.

Pili, tusikilize bila mahubiri marefu. Maombi ni mema, na tuombe pamoja naye, lakini tusimwambie kwamba angeomba vizuri asingeugua.

Tatu, mtu akisema kwamba ana nia hiyo, tusimwache peke yake hata kidogo. Dawa, sumu za shambani na vitu vyote vya hatari viwekwe mbali naye. Aitwe ndugu au rafiki anayemwamini, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje Jumapili.

Nne, tuache mzaha juu ya Mirembe. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ilianzishwa hapa Dodoma mwaka 1927, mwaka uleule ilipoanzishwa Dayosisi yetu ya Central Tanganyika. Watu huja kwake kutoka pande zote za Tanzania, na sisi tulio jirani zake tumeifanya jina la matusi. Kila tunaposema kwa kucheka kwamba fulani ni wa Mirembe, kuna mgonjwa anayesikia, naye huapa hatakwenda kutibiwa. Jina lenyewe linatukumbusha amani, tulitumie hivyo.

Kwa wewe usomaye haya ukiwa na mzigo wako, tunasema hivi: usijibu sijambo kwa kila mtu. Chagua mtu mmoja, kasisi, mwinjilisti, mama wa jumuiya yako, rafiki, mwalimu, au mganga wa hospitali, umwambie kwamba unalo jambo. Ukishindwa kusema, andika kama alivyoandika Bibi Salme, kisha umpe mtu asome. Barua zake zilingoja hadi mwaka 1993, yako isingoje.

Tunaziomba jumuiya za nyumba kwa nyumba, akina mama na vijana, wazungumze habari hii katika mkutano wao mmoja mwezi huu. Na Bwana aliye karibu nao waliovunjika moyo atufanye na sisi tuwe karibu. Amina.